Mwalimu wa Mbio: Maisha ya Onni Niskanen (1910–1984)

Wengi wetu tunajua jina la Abebe Bikila, mtu wa Ethiopia aliyekimbia bila viatu kule Roma akashinda dunia yote. Lakini ukiuliza katika kilasi ni nani aliyemfundisha, wote watanyamaza. Leo tunapenda kuandika juu ya mwalimu yule, sababu katika masomo yetu wako wengi wanaowaza kuwa walimu, na kazi ya mwalimu mara nyingi haionekani.

Jina lake ni Onni Niskanen. Alizaliwa mwaka wa 1910. Jamaa yake ilitoka inchi ya Finland, lakini yeye alikomaa Sweden, inchi ya baridi kali huko kaskazini ya Ulaya. Watu wa kule walipenda mbio sana. Walikuwa na namna yao ya mazoezi: mtu anakimbia porini, mara pole pole, mara kwa nguvu, kufwata vilima na njia, pasipo kungoja kiwanja kizuri.

Mwaka wa 1946 Niskanen alifika Ethiopia. Tukumbuke hali ya inchi ile wakati huo. Waitalia waliivamia mwaka wa 1935, na mwaka wa 1941 tu ndipo mfalme Haile Selassie aliporudi Addis Ababa. Vita vilikuwa vimeharibu masomo na kuua watu wengi wenye elimu. Mfalme akaomba walimu na askari wakubwa kutoka Sweden, maana Sweden haikuwa na koloni hata moja katika Afrika. Niskanen alikuja pamoja nao. Alitumika katika chuo cha kadeti cha walinzi wa mfalme, ndiyo masomo ya vijana wanaojifunza kuwa wakubwa wa askari. Kazi yake ilikuwa mazoezi ya mwili. Kisha akapewa pia kazi ya kuongoza michezo katika masomo ya inchi nzima.

Mwaka wa 1956 Ethiopia ilikwenda mara ya kwanza kwenye michezo ya Olimpiki, kule Melbourne, Australia. Hakuna mtu wake aliyerudi na medayi. Kijana mmoja askari, jina lake Mamo Wolde, alitolewa mapema. Wakubwa wangeweza kusema: basi, tuache, hii si kazi yetu. Lakini mazoezi yaliendelea. Addis Ababa iko juu sana, karibu metre 2,400 juu ya bahari, na pale pumzi ni kidogo. Mtu anayezoea kukimbia pale, akishuka chini anajisikia mwepesi. Niskanen aliwafanyisha askari mbio ndefu, tena mbio za kurudia rudia na kupumzika katikati, na saa iko mkononi. Kati ya walinzi wa mfalme alikuwako Abebe Bikila, mtoto wa mchungaji wa nyama, aliyezaliwa mwaka wa 1932.

Ikafika Roma, tarehe 10 Septemba 1960. Mbio ya marato ni kilometre 42 na kidogo. Mtu wa Yanonge anayeshika njia ya Kisangani kwa miguu, akifika kilometre hizo amekwisha kupita nusu ya safari. Bikila aliimaliza kwa saa 2, dakika 15 na segonde 16. Wako wanaosema alikimbia bila viatu juu ya umaskini. Si hivyo. Viatu vilikuwako, lakini vile vipya vilimuumiza miguu, naye alikuwa amezoea pia kufanya mazoezi miguu tupu. Yeye na mwalimu wakaona ni heri aviache.

Sasa sikieni jambo linalotufurahisha zaidi. Katika njia ya mbio, karibu na mwisho, lilisimama jiwe kubwa refu la Axum. Waitalia walilitoa Ethiopia mwaka wa 1937 na kulisimamisha Roma. Niskanen na Bikila walitazama njia ile mbele ya siku ya mbio, wakapatana kwamba pale ndipo Bikila aongeze nguvu. Wakati wa usiku, askari wakishika mienge kando ya njia, Bikila na Rhadi wa Maroko walikuwa wakikimbia pamoja. Walipofika karibu na jiwe la Axum, Bikila akatoka, akamwacha mwenzake kwa segonde 25. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuletea inchi yake medayi ya zahabu ya Olimpiki. Jiwe lenyewe lilirudishwa Axum mwaka wa 2005.

Mwaka ule wa 1960 inchi yetu ilikuwa katika taabu nyingi nyuma ya uhuru. Askari wa Ethiopia walikuwa hapa Stanleyville, ndiyo Kisangani, kwa kazi ya ONU. Kwa hiyo siku ile ndugu zake Bikila katika jeshi walikuwa karibu na sisi, kando ya mto huu huu.

Mwaka wa 1964 ikawa Tokyo. Wiki tano tu mbele ya mbio, Bikila alipasuliwa tumbo juu ya apandisiti. Watu wengi waliwaza kwamba hatakimbia. Alianza pole pole, akapata nguvu, na tarehe 21 Oktoba akashinda tena, mara hii na viatu, kwa saa 2, dakika 12 na segonde 11. Yule wa pili alifika dakika nne nyuma yake. Kabla ya Bikila hakuna mtu aliyeshinda marato ya Olimpiki mara mbili. Mwaka wa 1968, kule Mexico, mguu ulimshinda akaacha njiani. Lakini Mwethiopia mwingine alishinda. Nani? Ni Mamo Wolde, yule yule aliyetolewa Melbourne. Alikuwa na miaka 36.

Wako watu wanaosema ushindi huu ulikuwa wa Mzungu. Wengine wanasema Bikila alizaliwa na mbio, mwalimu hakufanya kitu. Sisi tunakataa maneno yote mawili. Niskanen alifundisha askari wengi, lakini aliyeshinda Roma ni mmoja: basi miguu na moyo vilikuwa vya Bikila mwenyewe. Na tena Mamo Wolde alikuwa na miguu mwaka wa 1956, lakini medayi ilimngoja miaka 12: basi miguu bila mazoezi haitoshi. Mwalimu hawezi kumkimbilia mwanafunzi. Anaweza kumtengenezea siku zake, kumzuia anapokaza sana, na kumwonyesha mahali pa kutoka. Siku ya mbio yeye anabaki kando ya njia.

Nyuma ya Niskanen kazi ile ilishikwa na Waethiopia wenyewe. Mmoja wao ni Negussie Roba, aliyekuwa mkimbiaji mbele ya kuwa mwalimu. Tunaona hapa alama ya mwalimu mwema: akiondoka, kazi haifi.

Bikila alipata ajali ya motokari mwaka wa 1969, miguu ikafa. Hata hivyo alijifunza kupiga mishale akikaa katika kiti cha magurudumu, akashindana Uingereza. Alikufa mwaka wa 1973. Niskanen naye alitumika katika Msalaba Mwekundu wa Ethiopia, tena akaingia katika kazi ya kutunza watu wa ukoma. Hapa kwetu wazee wanajua uzito wa kazi ile, sababu karibu na Yakusu, kule Yalisombo, monganga Stanley Browne alitunza watu wa ukoma kwa miaka mingi. Mtu aliyepima miguu yenye mbio kuliko yote duniani hakuona haya kuhangaikia miguu isiyosikia tena maumivu. Alikufa mwaka wa 1984.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, alichukua mfano wa wakimbiaji wanaojinyima mambo mengi juu ya taji linaloharibika. Wako wanafunzi wanaoanza mazoezi siku tatu mbele ya mashindano, na masomo yao usiku mmoja mbele ya mtihani. Halafu wanalaumu kiwanja, viatu, ao mwalimu. Ethiopia ilianza mwaka wa 1946 na medayi ikafika mwaka wa 1960. Hesabuni wenyewe. Na ninyi mtakaokuwa walimu kesho huko vijijini, msitafute kwanza jina. Shikeni saa, andikeni katika kaye, rudieni kesho yake. Labda mtoto mmoja wa kilasi yenu atafika mbali, na watu watasahau kuuliza ni nani aliyemfundisha. Yeye mwenyewe atajua.