Mwalimu Nyerere Mfasiri: Maisha ya Dar es Salaam Baina ya Matoleo Mawili (1963–1969)

1.0 Utangulizi

Wasifu wa Julius Kambarage Nyerere (1922–1999) umeandikwa mara nyingi, na aghalabu umeandikwa kama historia ya siasa. Tafsiri zake za tamthiliya za William Shakespeare hutajwa kwa sentensi moja au mbili tu, kana kwamba zilikuwa burudani ya mkuu wa nchi aliyechoka. Makala hii inashika njia nyingine. Inaiangalia kazi hiyo ndani ya maisha ya mwandishi wake jijini Dar es Salaam, hususan kati ya mwaka 1963, ilipochapishwa Julius Caezar, na mwaka 1969, tafsiri hiyo ilipotoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Hoja yetu ni kwamba kitabu hiki ni kazi ya mtu ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza, na ambaye hakuacha kuwa mwanafunzi wa lugha hiyo hata alipokuwa Rais.

2.0 Mwanafunzi wa Lugha

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922, na lugha yake ya mama ilikuwa Kizanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baada ya hapo alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, ambako alikuwa tangu 1949 hadi 1952. Kadiri elimu yake ilivyopanda ndivyo Kiingereza kilivyozidi kutawala masomo yake. Alipokuja kufundisha Pugu mwaka 1953, Kiswahili chake kilikuwa hasa kile cha shule na cha bara.

Mji ndio uliomwongezea. Kutoka Pugu hadi Kariakoo ni mwendo wa kilometa zipatazo ishirini, na ndiyo njia iliyomfikisha kwa wanasiasa wa mjini. Tarehe 7 Julai, 1954 chama cha TANU kiliundwa. Mwezi Machi, 1955 aliacha ualimu. Katika mwaka huo huo alirejea kwao kwa muda, akawa anamfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll. Jambo hili dogo lina maana kwetu: kabla ya kuwa mfasiri wa Shakespeare, Nyerere alikwisha kuwa mtu anayeyapima maneno ya lugha moja kwa mizani ya lugha nyingine.

Aliporudi Dar es Salaam alifanya makazi yake Magomeni, ng'ambo ya bonde la Jangwani ukitoka Kariakoo. Nyumba yake ya huko baadaye ilifanywa makumbusho. Hapo aliishi miongoni mwa watu ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya nyumbani, ya biashara, ya ngoma na ya ibada. Wazee wa TANU wa mjini, kina mama waliohamasishwa na Bibi Titi Mohamed, na umati wa Mnazi Mmoja hawakuweza kuhutubiwa kwa Kiswahili cha darasani. Msemaji alilazimika kujua mafumbo, kejeli na mapigo ya sentensi yanayoufanya umati unyamaze au ucheke. Kwa mfasiri wa tamthiliya ambayo kiini chake ni hotuba mbili mbele ya umma, mafunzo hayo hayakuwa haba.

3.0 Mwaka wa Kitabu

Tarehe 9 Desemba, 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, na Nyerere akaingia Ikulu akiwa Rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata ulikuwa wa shughuli nyingi: Mei 1963 alikuwa Addis Ababa ulipoundwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na nyumbani utumishi wa serikali ulikuwa ukikabidhiwa wananchi. Katika mwaka huo huo Oxford University Press ilitoa Julius Caezar. Hapana budi kazi hiyo iliibiwa katika saa za usiku na za faragha, maana mchana haukuwa wake.

Kilichostahili kuwashitua wasomaji ni umbo. Kwa kawaida ya washairi wa wakati ule, shairi bila vina halikuwa shairi. Nyerere aliifuata Kiingereza cha Shakespeare: alitumia mistari isiyo na vina, akiacha uzito wa maneno na mapumziko ya pumzi yabebe mahadhi. Mgogoro mkubwa wa ushairi huru ulipozuka katika miaka ya 1970, kitabu cha Rais kilikuwa mikononi mwa wasomaji kwa takriban mwongo mzima. Ni ajabu kwamba mara chache sana kimetajwa katika mjadala huo.

Tarehe 20 Januari, 1964 askari wa kambi ya Colito, iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo na ambayo baadaye iliitwa Lugalo, waliasi, na Rais alilazimika kujificha kwa siku mbili. Ni kosa kuifanya tamthiliya kuwa utabiri. Hata hivyo, msomaji aliyekuwa na kitabu hicho mwezi ule hakukosa kuona kwamba habari za mtawala na wanaomzunguka hazikuwa za Roma peke yake.

4.0 Msasani na Masahihisho

Katikati ya miaka ya 1960 Nyerere aliacha kuishi Ikulu, akahamia nyumba yake ya Msasani, katika eneo la Kinondoni. Pwani yote ya kaskazini, tangu Msasani kupitia Kunduchi hadi Mbweni, ilikuwa bado ya vijiji vya wavuvi. Ikulu ikabaki kuwa mahali pa kazi. Nyumbani palikuwa na vitabu, bao na wageni, na asubuhi alihudhuria misa katika kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay. Mwaka 1966, baada ya maandamano ya wanafunzi wa Chuo Kikuu, alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Azimio la Arusha likafuata Februari 1967.

Katika kipindi hiki aliirudia tafsiri yake. Badiliko la jina peke yake linatosha kuonyesha mwelekeo. Caezar lina herufi c, ambayo katika othografia ya Kiswahili haisimami bila h, na linaishia kwa konsonanti. Msomaji hajui alihesabu kwa mizani ngapi. Kaizari lina silabi wazi nne, ka-i-za-ri, na Juliasi vilevile nne. Aidha, neno kaizari lilikuwa limezoeleka bara tangu utawala wa Wajerumani. Jina geni lilifuata sheria za fonolojia ya Kiswahili, likawa la wenyeji.

Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka Mabepari wa Venisi. Neno bepari, lenye asili ya Kihindi, awali lilimaanisha mfanyabiashara tu. Lakini baada ya Azimio la Arusha hakuna msomaji aliyeweza kulisikia bila kukumbuka unyonyaji. Jina la asili humtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere aliwataja wengi. Kwa uteuzi wa neno moja na kiambishi kimoja cha wingi, mfasiri alitoa hukumu juu ya mji mzima.

Hakuwa peke yake katika kazi hii. S. S. Mushi alikwisha kutoa Makbeth mwaka 1968, na Tufani ikafuata mwaka 1969.

5.0 Hitimisho

Maisha haya yanatuachia swali ambalo halijafungwa. Mtu aliyethibitisha kwa mkono wake kwamba Kiswahili kinabeba fikra nzito ndiye aliyeongoza serikali iliyokifanya lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi, na ikakiacha mlangoni mwa sekondari. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipopendekeza hatua hiyo ichukuliwe, serikali haikuitekeleza, na Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 Kiingereza kikiwa bado darasani. Wanaodai kwamba lugha haikuwa tayari hawana budi kwanza wakisome kitabu cha 1963, kisha wakilinganishe na kile cha 1969. Watakachokiona ni lugha iliyokua kwa kutumiwa, mikononi mwa mtu aliyekubali kujisahihisha hadharani.