George Carver na Udongo Uliochoka

Jina la George Washington Carver likitajwa, wengi hukumbuka karanga. Husemwa kuwa ndiye aliyevumbua siagi ya karanga, na kwamba alitengeneza vitu 300 kutokana na zao hilo. Kweli ni kuwa siagi ya karanga ilikwisha kupewa hataza huko Marekani mwaka 1884, naye Carver wakati huo alikuwa kijana angali akihangaikia elimu. Na katika hivyo 300, vingi vilikuwa mapishi na vitu vya matumizi ya nyumbani, na vingine hakuacha kanuni zake kwa maandishi. Twalisema hili mapema kwa kuwa sifa isiyo yake imeifunika ile iliyo yake.

Alizaliwa utumwani karibu na Diamond, Missouri, yapata mwaka 1864. Mwaka kamili haujulikani, maana mtoto wa mtumwa alihesabiwa pamoja na mali ya bwana wake. Angali mchanga, wezi wa watumwa walimnyakua pamoja na mama yake. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Alipokua, chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na rangi yake ikaonekana, alikataliwa mlangoni. Chuo cha kilimo cha Iowa ndicho kilichompokea mwaka 1891, akawa mwanafunzi mweusi wa kwanza na kisha mwalimu mweusi wa kwanza wa chuo hicho. Kazi yake hapo ilikuwa juu ya kuvu waletao maradhi ya mimea, na baadhi ya kuvu alizokusanya katika maisha yake zimepewa jina lake. Kama angalibaki Iowa, bila shaka angaliandika makala nyingi za kitaalamu na kuhesabiwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa.

Hakubaki. Mwaka 1896 Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, na mwaka uliofuata jimbo likaanzisha kituo cha majaribio cha shule ile kwa dola 1,500 kwa mwaka. Udongo wa huko ulikuwa umechoka. Pamba ilipandwa shamba lilelile mwaka baada ya mwaka, na mvua zikachimba makorongo. Mkulima mweusi, ama mtumwa wa jana ama mwana wa mtumwa, kwa kawaida hakuwa na ardhi. Alilima ya mwingine kwa kugawana mavuno, na chakula na mbegu alikopa dukani kwa dhamana ya pamba ambayo haijaota.

Kumwambia mtu huyu anunue mbolea ya dukani kulikuwa sawa na kumdhihaki, na Carver aliliona hilo. Alimfundisha kupanda kunde, ambazo mizizi yake hukaa vijidudu vivutavyo naitrojeni ya hewani na kuitia ardhini. Kupokezana pamba na karanga au viazi vitamu. Kurundika majani ya msituni na tope la kinamasi mpaka yaoze. Elimu ya kunde haikuwa yake. Wanazuoni wa Ujerumani walikwisha kuithibitisha miaka ya 1880. Kazi yake ilikuwa kuifikisha kwa mtu asiye na senti.

Aliifikisha kwa vijitabu vya lugha nyepesi, ambavyo kwa jumla vilipata 44. Cha mwaka 1905 kilifundisha kurudisha rutuba ya udongo. Cha mwaka 1916 kilieleza kilimo cha karanga na njia 105 za kuzipika. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mwaka 1906 Tuskegee ilitoa gari la kukokotwa na wanyama, lililopakia zana, mbegu na mifano ya kazi, likaenda hadi mashambani. Thomas Campbell, mwanafunzi wa Tuskegee, aliajiriwa mwaka huohuo kuliendesha somo hilo, kazi ambayo kwetu huitwa ya bwana shamba.

Hata hivyo elimu hiyo iligonga ukuta. Mwenye ardhi na mwenye duka walitaka pamba, na mkulima aliyerutubisha shamba lisilo lake aliweza kuondolewa mwakani, mwingine akavuna rutuba ile. Vijitabu vya Carver vyazungumza udongo, havizungumzi ni nani mwenye udongo. Wako wamlaumuo kwa hilo, nasi twaona lawama hiyo ina haki, ingawa yafaa ikumbukwe kuwa Alabama ya siku zile mtu mweusi aliweza kuuawa na kundi la watu kwa neno moja tu.

Katika majarida ya wataalamu jina lake halikuacha mengi. Athari yake ilipita kwa watu. Huko Iowa alikuwa akitembea mashambani na mtoto mmoja wa Kizungu, akimfundisha majina na tabia za mimea. Mtoto huyo, Henry A. Wallace, alikuja kuwa waziri wa kilimo wa Marekani mwaka 1933, kisha makamu wa rais.

Carver alikufa Tuskegee tarehe 5 Januari 1943, akazikwa karibu na kaburi la Booker T. Washington. Hakuoa, na akiba yake aliitoa kwa mfuko wa utafiti ulioanzishwa kwa jina lake katika shule ileile.