August Bier, munganga aliyechomwa shindano la mgongo ili aone kama linafanya kazi

Kule Masisi na Walikale, mama anayepasuliwa ili mtoto atoke, mara nyingi halazwi usingizi. Anaketi, anainamisha mgongo, anachomwa shindano, na baada ya dakika chache miguu inakuwa mizito kama mawe. Yuko macho. Anasikia mtoto wake analia. Watu wa hospitali wanaita hiyo rashi. Wako wengi wanaoiogopa, eti inaharibu mgongo maisha yote. Munganga aliyeifanya ijulikane duniani alianza kwa kuijaribu juu ya mwili wake.

August Bier alizaliwa Ujerumani mwaka 1861. Alipokuwa anapasua wagonjwa katika mji wa Kiel, dawa za usingizi zilikuwa klorofomu na eta. Wagonjwa walitapika sana, na wengine hawakuamka tena. Tangu 1884 ilijulikana kwamba kokaini inatia ganzi. Tena, mwaka 1891, palepale Kiel, munganga Heinrich Quincke alikuwa ameonyesha namna ya kutoa maji ya uti wa mgongo kwa shindano. Bier akaunganisha mambo hayo mawili: badala ya kulaza mtu mzima, funga tu mishipa inayopeleka maumivu kwenye ubongo.

Tarehe 16 mwezi wa nane 1898 alimchoma mfanyakazi mmoja wa miaka 34, mwenye kifua kikuu cha kifundo cha mguu. Alipasuliwa bila kusikia maumivu. Lakini baadaye kichwa kikamuuma na akatapika. Bier akataka kujua sababu.

Siku nane baadaye akamwambia msaidizi wake, August Hildebrandt, amchome. Bomba halikuingia vizuri kwenye shindano, maji mengi ya mgongo yakamwagika, ikabidi waache. Hildebrandt akakubali kuchomwa yeye. Hapo dawa ikashika. Bier akamchoma sindano pajani, akamchoma kwa sigara yenye moto, akampiga nyundo ya chuma kwenye mfupa wa mguu, hata sehemu za siri hazikuachwa. Hakuna maumivu. Kisha wakala, wakanywa mvinyo, wakavuta sigara. Kesho yake Bier hakuweza kusimama: kichwa kilipona tu akilala, na ilichukua siku kama tisa. Hildebrandt alitapika, na miguu ikamuuma juu ya zile nyundo.

Bier alitambua kwamba kichwa kinauma sababu ya maji yanayotoka kupitia tundu la shindano. Ndiyo maana siku hizi mashindano ya rashi ni membamba sana. Mama ambaye kichwa kinamuuma akiketi na kinatulia akilala, asinyamaze. Amwambie munganga, maana kuna matibabu.

Sifa haikukosa ugomvi. Hildebrandt aliona jina lake limesahauliwa, akageuka kuwa mpinzani wa mkubwa wake. Na kule New York, Leonard Corning alikuwa amechoma kokaini mgongoni tangu 1885, ingawa si kwa kupasua mtu. Bier mwenyewe aliona kokaini ni sumu kali, akasita kwa miaka mpaka dawa nzuri zaidi zilipopatikana. Kusita huko kunamtukuza kuliko ule ujasiri wa nyundo.

Mwaka 1908, akiwa Berlin, akaleta njia nyingine: kufunga mkono kwa mpira na kuingiza ganzi kwenye mshipa wa damu. Inaitwa kwa jina lake hadi leo. Wakati wa vita vya kwanza alisaidia pia kutengeneza kofia ya chuma ya askari, sababu alichoka kuona vipande vya mabomu ndani ya vichwa.

Wazo lake limeenda mbali. Penye vyombo, mgonjwa wa matumbo anapasuliwa kwa matundu madogo na kamera, kisha ganzi inaingizwa kati ya tabaka za nyama za tumbo, mara nyingi kwa kuongozwa na ekografi. Haiondoi maumivu ya ndani kabisa, lakini ile ya kidonda inapungua, na mgonjwa anahitaji morfini kidogo. Hiyo ni faida, maana morfini inachelewesha matumbo kuamka.

Bier aliacha kazi ya chuo mwaka 1932, akabaki kwenye shamba lake la Sauen. Huko alikuta misonobari mitupu kwenye udongo mbaya, akachanganya miti ya kila aina. Wakaaji wa Walikale wangemwelewa haraka. Alikufa hapo mwaka 1949, na pori lake lingali linasimama.