S. R. Ranganathan na Uainishaji wa Maarifa kwa Nyuso

1.0 Utangulizi

Kila mtafiti akusanyaye data kwa miaka mingi hukabiliwa na swali moja: kila kadi iwekwe wapi? Kadi yenye maelezo juu ya tenzi za Lamu za karne ya 19 yaweza kuwekwa chini ya ushairi, chini ya Lamu, au chini ya karne ya 19. Ikiwekwa mahali pamoja tu, aitafutaye kwa njia nyingine hataiona. Miongoni mwa wataalamu waliolishughulikia tatizo hili kwa kina ni Shiyali Ramamrita Ranganathan (1892-1972), mwanahisabati wa India aliyegeuka kuwa mkutubi. Makala haya yanaeleza maisha yake pamoja na nadharia aliyoiasisi.

2.0 Kutoka Hisabati hadi Ukutubi

Ranganathan alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Sirkazhi, kusini mwa India, katika eneo la wasemaji wa Kitamil. Alisomea hisabati katika Chuo cha Kikristo cha Madras, kisha akaifundisha katika vyuo vya Mangalore, Coimbatore na Madras. Mnamo Januari 1924 aliteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Upweke wa kazi hiyo ulimshinda mapema, naye akaomba arudishwe darasani. Ilikubaliwa kwamba aende kwanza Uingereza akajifunze ukutubi. Akirejea bila kuipenda kazi hiyo, ombi lake litafikiriwa.

Huko London alisoma katika University College, ambako mwalimu wake wa uainishaji alikuwa W. C. Berwick Sayers. Mfumo uliotawala maktaba nyingi wakati huo ulikuwa ule wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, ambao huyagawa maarifa mfano wa mti: ngeli kumi kuu, kila ngeli matawi kumi, na kuendelea. Ranganathan aliona kwamba mti wa namna hiyo hudai kila mada iwe imetengewa tawi mapema, ilhali mada mpya huzuka kila siku kwa kuunganishwa kwa mada za zamani. Katika duka moja kubwa jijini humo aliona vifaa vya kuchezea vya Meccano: vipande vichache vya chuma, parafujo na nati, ambavyo kwavyo mtoto huunda vitu vingi tofauti. Humo alipata wazo alilokuwa akilitafuta. Aliporejea Madras mwaka 1925, hakudai tena kurudi kwenye hisabati.

3.0 Nadharia ya Nyuso

Mwaka 1931 alichapisha kanuni zake tano za ukutubi, ambazo msingi wake ni kwamba vitabu vipo ili vitumiwe na kwamba muda wa msomaji ni lazima uokolewe. Mwaka 1933 ulifuata mfumo wake wa uainishaji, uliopewa jina la nukta pacha kwa sababu alama hiyo ndiyo iliyounganisha sehemu za namba. Katika mfumo huu mada haitafutiwi tawi lililokwisha kuandaliwa, bali huchanganuliwa katika nyuso zake, kisha alama za nyuso hizo huunganishwa. Baadaye alizikusanya nyuso zote katika makundi matano: nafsi ya kitu, maada, nishati (yaani utendaji), mahali na wakati.

Kwa mwanaisimu jambo hili si geni. Kitenzi anampikia hakihifadhiwi kizima katika kamusi. Huundwa kwa mofimu za nafsi, njeo, yambwa, mzizi na kauli, kila moja katika nafasi yake. Vivyo hivyo, Ranganathan aliorodhesha viambajengo na kanuni za mfuatano wake. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba hakuutupa mti. Ndani ya kila uso mna ngazi zake: Lamu imo ndani ya Kenya, na Kenya imo ndani ya Afrika. Alichokikataa ni mti mmoja wa kubeba nyuso zote.

4.0 Miaka ya Mwisho na Tathmini

Mwaka 1945 aliondoka Madras baada ya kutofautiana na uongozi wa chuo. Alifanya kazi Banaras, kisha Delhi, akaishi Zurich kati ya 1955 na 1957, na mwaka 1962 akaanzisha kituo cha utafiti na mafunzo ya uwekaji kumbukumbu huko Bangalore. Rupia 100,000 za akiba yake alizitoa kwa Chuo Kikuu cha Madras ili kuanzisha kiti cha uprofesa chenye jina la mkewe, Sarada. Alifariki Bangalore tarehe 27 Septemba 1972.

Mfumo wake haukuenea sana nje ya India. Namba zake zilikuwa ndefu, matoleo mapya yalibadilisha yale ya awali, na kundi la nafsi lilikuwa gumu kufasiliwa. Nadharia yenyewe, hata hivyo, ilipokelewa na kikundi cha watafiti wa uainishaji kilichoundwa London mwaka 1952, na leo ndiyo msingi wa utafutaji wa kompyuta ambamo mtumiaji huchagua aina, mahali na wakati kwa pamoja. Kompyuta imeuondoa ulazima wa mfuatano mmoja wa nyuso, kwani kadi ile ya Lamu sasa hufikiwa kwa njia yoyote kati ya zile tatu. Lakini haimwondolei mtafiti kazi ya kuamua data yake ina nyuso zipi, wala ya kutumia istilahi moja kwa dhana moja. Aandikaye ushairi katika kadi moja na mashairi katika nyingine atapoteza nusu ya data yake, hata akiwa na mashine bora kiasi gani.