Utukufu kwa Mungu Peke Yake: Maisha ya Johann Sebastian Bach

Katika yubile hii tumekaa pamoja na kukumbuka mengi: walioianzisha kwaya, walioshona sare za kwanza, walimu waliotuvumilia, na wenzetu waliokwisha kulala katika Bwana. Kabla ya hayo tumeona vyema tumkumbuke mtu ambaye hakufika huku kwetu, lakini kazi yake tunaijua sana. Ilikuwa kazi ya kufundisha kwaya ya kanisa wimbo mpya kabla Jumapili haijafika.

Johann Sebastian Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji wa Eisenach, Ujerumani. Katika mji huo Martin Luther alisoma shule akiwa kijana, na katika ngome iliyo juu ya mlima wake ndimo Luther alimotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Ukoo wa Bach ulikuwa wa wanamuziki, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto wanane. Mama yake alifariki mwaka 1694, na baba akamfuata mwaka 1695. Kabla ya kutimiza miaka 10 mtoto huyu alikuwa yatima, akachukuliwa na kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Ohrdruf.

Inasimuliwa kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha muziki alichokifungia kabatini. Usiku watu walipolala, Bach alikichomoa na kukinakili kwa mwanga wa mbalamwezi. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita, na kaka alipoigundua alimnyang'anya nakala yote.

Mwaka 1700, akiwa na miaka 15, alikwenda Lüneburg na kupokewa katika kwaya ya vijana waliotoka familia maskini. Miaka mitatu baadaye alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Arnstadt.

Tusimfanye malaika. Bach alikuwa mtu wa hasira za karibu. Huko Arnstadt alipigana barabarani na mwanafunzi mmoja, na ugomvi ulianza kwa sababu Bach mwenyewe alikuwa amemkejeli kwa jinsi alivyopiga ala yake. Kisha aliomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda mashuhuri, Dieterich Buxtehude. Alikwenda kwa miguu karibu kilomita 400, mwendo unaozidi ule wa kutoka Nairobi hadi Kisumu, akarudi baada ya miezi kama minne. Wakubwa wa kanisa walimwita wamuulize, naye hakuwa na jibu la kuwaridhisha. Baadaye, mwaka 1717, mtawala wa Weimar alimweka kifungoni karibu wiki nne kwa sababu alishikilia mno kwamba anataka kuacha kazi.

Hata hivyo, tangu ujana wake alijua anachokitafuta. Mwaka 1708, alipoaga kanisa la Mühlhausen, aliandika katika barua yake kwamba lengo lake ni muziki wa kanisa uliopangwa vizuri, kwa utukufu wa Mungu. Wakati huo alikuwa na miaka 23.

Njia ya kulifikia lengo hilo haikuwa laini. Mwaka 1720 alisafiri na mtawala wa Köthen, aliyekuwa amemwajiri. Aliporudi nyumbani aliambiwa kwamba mke wake, Maria Barbara, amefariki na amekwisha kuzikwa. Aliachwa na watoto wanne. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji hodari, aliyekuwa msaidizi wake mpaka mwisho. Katika ndoa zote mbili Bach alijaliwa watoto 20, lakini ni 10 tu waliofikia utu uzima. Hebu tufikirie ni mara ngapi mtu huyu alitoka makaburini akarudi kwenye kinanda.

Mwaka 1723 alihamia Leipzig kuwa mwalimu wa muziki wa shule na kanisa la Mtakatifu Thoma. Hakuwa chaguo la kwanza la baraza la mji. Walimtaka Telemann, akakataa. Wakamtaka Graupner, mwajiri wake akamzuia. Ndipo wakamchukua Bach.

Katika miaka yake ya kwanza huko alitunga muziki mpya karibu kila Jumapili. Alipomaliza kutunga, nakala za kila sauti na kila ala ziliandikwa kwa mkono, na mara nyingi mkewe, watoto na wanafunzi wake walisaidia. Kisha yakafuata mazoezi, na Jumapili asubuhi wakaimba. Baada ya hapo Jumapili nyingine ilikuwa inakuja. Nyimbo hizo za ibada zilizobaki hadi leo ni kama 200.

Wala tusidhani alikuwa na waimbaji wa ajabu. Mwaka 1730 aliliandikia baraza la mji malalamiko, akawagawa vijana wake katika makundi: 17 wanafaa, 20 bado hawajafikia kiwango, na 17 hawafai kabisa. Mwalimu yeyote wa kwaya akisoma hesabu hiyo atatabasamu. Na hao ndio walioziimba kazi ambazo dunia inazistaajabia leo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tumchague. Mara nyingi Bach alipoanza kutunga wimbo wa kanisa aliandika juu ya karatasi herufi J.J., yaani ombi la Kilatini la kumwomba Yesu amsaidie. Alipomaliza aliandika chini S.D.G., kifupi cha maneno yenye maana ya utukufu kwa Mungu peke yake. Tuangalie alipoziandika herufi hizo. Ni pale wimbo ulipokamilika kwenye karatasi, kabla kwaya haijaimba hata noti moja, na kabla ya mtu yeyote kusifu au kulalamika. Utukufu ulikuwa umekwisha kukabidhiwa kwa mwenyewe. Lililobaki lilikuwa kuimba.

Katika uzee wake macho yalififia. Mwaka 1750 alipasuliwa mara mbili na daktari wa macho kutoka Uingereza, asipone, na tarehe 28 Julai mwaka huo akafariki akiwa na miaka 65. Alizikwa bila jiwe la kumtambulisha. Anna Magdalena alimaliza maisha yake mwaka 1760 akiishi kwa sadaka. Kazi kubwa ya Bach ya mateso ya Kristo kwa Injili ya Mathayo ilikaa miaka mingi bila kusikika kwa watu, mpaka mwaka 1829 Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alipoiongoza mjini Berlin. Bach hakuishi kuyaona hayo, lakini karatasi zake zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi ya S.D.G.

Wapendwa, sisi nasi tumeimba miaka mingi. Tumeshinda mashindano na tumeshindwa. Ipo misimu ambayo tuligombana juu ya nani aongoze wimbo, nani asimame mbele wakati wa kurekodi, na fedha zimekwenda wapi. Wapo waliotoka katika kwaya hii kwa sababu ya maneno yetu makali, na nafasi zao katika mistari yetu tunazijua. Tunasherehekea, lakini hatuwezi kuwasahau. Kama baadhi yao wanasoma kijitabu hiki leo, tunawaomba msamaha, na siku ya mazoezi mlango uko wazi.

Mtume Paulo alifundisha kwamba hata kula na kunywa kwetu kufanywe kwa utukufu wa Mungu. Basi si kuimba siku ya yubile tu. Ni pamoja na kufika mazoezini kwa wakati mvua ikinyesha, kumvumilia mwenzetu ambaye sauti yake bado haijakaa, na kuimba Jumapili ambayo viti vingi viko wazi. Tuanze kila wimbo kwa kumwomba Yesu msaada, na kabla ya kusikia makofi tuwe tumekwisha kumpa Mungu utukufu wake wote. Amina.