Grace Hopper: Aliyetaka programu moja ivuke mipaka ya kompyuta zote

ARUA, Uganda

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa kilomita 92. Inaanzia mpakani na Kongo na kuishia mpakani na Sudan Kusini, na mfanyabiashara anayeipita hulazimika kuhesabu faranga, shilingi na pauni. Wakakwa wa Koboko wana ndugu katika nchi zote tatu. Huku hakuna asiyejua kwamba kitu kinachokubalika upande mmoja wa mpaka kinaweza kukataliwa upande wa pili.

Kompyuta nazo zina mipaka yake. Karani wa Arua anaweza kuandika skripti ya kujumlisha mauzo kwenye kompyuta ya Windows, akaituma Koboko kwenye kompyuta ya Linux, ikagoma ingawa hakuna herufi iliyokosewa. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Windows hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju ulioinamia nyuma, Linux kwa mkwaju ulioinamia mbele. Tena, kwa Linux jina Mauzo na jina mauzo ni mafaili mawili, wakati Windows kwa kawaida huyachukua kuwa faili moja.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko Windows na Linux zenyewe. Miongoni mwa waliopambana nalo mapema ni Grace Hopper, mwanahisabati na ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa mtoto alifungua saa za nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, kutazama zinavyofanya kazi. Alihitimu chuo cha Vassar mwaka 1928, akapata shahada ya uzamivu ya hisabati Yale mwaka 1934, na alifundisha Vassar.

Vita Kuu ya Pili ilimtoa darasani. Jeshi la wanamaji lilimwona ana umri mkubwa na uzito mdogo kuliko kiwango chake, lakini alipata kibali na kujiunga na askari wa akiba mwaka 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard, kwenye mashine kubwa ya hesabu iliyoitwa Mark I. Maelekezo yake yaliandikwa kwa matundu kwenye utepe wa karatasi, na hayakuwa na maana yoyote kwa mashine ya aina nyingine.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kompyuta za wakati ule. Kila aina ilikuwa na lugha yake ya namba. Ofisi iliponunua mashine mpya, programu za mishahara na za ghala ziliandikwa upya tangu mwanzo, na makosa yaliyokwisha kurekebishwa yaliweza kurudi.

Mwaka 1949 Hopper alijiunga na kampuni iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Kufikia 1952 alikuwa na programu ya A-0, iliyokusanya vipande vya maelekezo vilivyohifadhiwa na kuviunganisha kuwa kazi moja. Wengi hawakuamini kwamba kompyuta inaweza kuandaa programu yake yenyewe. Yeye alisonga mbele zaidi. Kikundi chake kilitengeneza FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza ya kawaida ili watu wa biashara waweze kuisoma.

Mwaka 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaita pamoja watengenezaji na watumiaji wa kompyuta ili waandae lugha moja ya shughuli za ofisi. Hopper alikuwa mshauri wa kamati hiyo, na FLOW-MATIC ikawa msingi mkubwa wa lugha waliyoiita COBOL. Kazi ilikuwa ya watu wengi, na haikubaki kwenye karatasi. Desemba 1960, programu ya COBOL ile ile, ikiwa na mabadiliko machache tu, iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili shindani, RCA na Remington Rand. Mpaka ulikuwa umevukwa.

Hata hivyo, makubaliano yalianza kupinda. Kila kampuni ilidai kuwa na COBOL, lakini kila moja iliongeza lake na kuacha lake. Hopper alistaafu jeshini mwaka 1966. Mwaka 1967 aliitwa tena kwa miezi 6 ili aisawazishe COBOL ya jeshi la wanamaji. Miezi hiyo 6 iligeuka karibu miaka 19.

Dawa aliyoileta ilikuwa mtihani. Yeye na wenzake waliandika programu za majaribio zilizopimwa kwenye kila mashine. Kampuni iliyodai kufuata kanuni ilitakiwa kuonyesha matokeo yaliyo sawa na ya wengine. Majaribio hayo yalisaidia kujenga viwango vya taifa la Marekani.

Alistaafu mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha ngazi ya admirali, kisha akafanya kazi ya ushauri katika kampuni ya kompyuta hadi alipofariki tarehe 1 Januari 1992. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington, na mwaka 2016 alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais.

Karani wa Arua anaweza kufuata njia hiyo hiyo: ayape mafaili majina ya herufi ndogo yasiyo na nafasi, ahifadhi mistari kwa mtindo wa Linux, aiachie lugha ya programu ipange njia za folda, kisha aijaribu skripti kwenye mifumo yote miwili kabla ya kuitegemea siku ya malipo.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Leo ncha zote mbili za barabara ya kilomita 92 zinagusa nchi za jumuiya moja, kwa mkataba mmoja. Kama Hopper angeulizwa, huenda angetaka mkataba huo ujaribiwe Vurra, ujaribiwe na Oraba, kisha matokeo yalinganishwe.