Daktari wa Jicho Moja na Watoto Wenye Uvimbe wa Taya

Leo ukitoka ibadani Bujora, katika lile kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, huenda ukamkuta pale Kisesa mama amembeba mtoto mwenye uvimbe wa taya, akisubiri daladala ya kuelekea Bugando. Mmoja atasema ni jino. Mwingine atasema karogwa. Wengi watageuza uso. Nakuletea maisha ya mtu ambaye hakuugeuza.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, lakini imani yake kwa Kristo ikamgeuza, akasomea udaktari. Alipoomba kwa mara ya kwanza kutumika Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Hakukata tamaa. Mwaka 1946 alifika Uganda, akaanzia Lira, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumwona mvulana wa miaka 5 aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitazama nje dirishani akamwona msichana mwenye uvimbe uleule. Wengine wangesikitika na kuendelea na kazi. Burkitt alirudi Mulago akafungua majalada ya watoto waliotangulia. Akagundua kwamba uvimbe wa taya, na ule wa tumbo uliodhaniwa kuwa ugonjwa mwingine, ni saratani moja. Kisu cha mpasuaji hakikuweza kuwaokoa.

Alituma picha na maswali katika hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961 akaondoka Kampala kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa wiki 10 walisafiri kilomita 16,000 hivi kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakiingia hospitali karibu 60 na kuuliza swali moja: je, watoto wa namna hii mnawaona? Majibu yaliiweka saratani hiyo kwenye maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Mwambao wetu wa Ziwa Victoria umo.

Dawa zilipojaribiwa, uvimbe kwa baadhi ya watoto uliyeyuka ndani ya siku chache, na wapo waliopona kabisa. Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1964 na kufariki mwaka 1993. Ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Msomaji wangu, wewe na mimi si madaktari. Lakini dawa peke yake haimponyi mtoto. Matibabu huchukua miezi. Uvimbe ukishuka, mzazi aliyeishiwa nauli, aliyeacha watoto wengine nyumbani na shamba bila mlimaji, hushawishika kurudi kijijini kabla dozi haijaisha. Ugonjwa hurudi, na mara nyingi huwa mkali zaidi. Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapohitajika.

Kujitolea si kwenda wodini mara moja kwa mwaka na katoni ya sabuni, kupiga picha na kuondoka. Chagua siku moja ya juma, uwaulize watu wa ustawi wa jamii wa hospitali mahali unapofaa, kisha uwe unakwenda. Nenda hata wiki ambayo yule mtoto uliyemzoea kitanda chake ni kitupu. Hiyo ndiyo wiki ngumu, na ndiyo wiki ambayo mama wa kitanda cha pili anakuhitaji zaidi.

Soma tena leo habari za binti Yairo katika Injili ya Marko, sura ya 5. Bwana alikwenda nyumbani kwa mgonjwa, japo njiani alicheleweshwa na wengine wakamcheka. Na binti alipoinuka, Bwana aliagiza apewe chakula. Muujiza ulikuwa wake. Chakula aliwaachia waliokuwepo. Uji wa mtoto wa Bugando nao umeachwa kwetu.

Jumapili njema.